Ahsante kwa Kunishikia Kiti

"Ahsante kwa kunishikia kiti."

Maneno hayo tu. Fundi Meno aliyasoma asubuhi karakanani kwake, brashi mkono huu, ufizi wa plastiki mkono ule, akacheka. Angekuwa na akili robo ya maneno aliyokuwa nayo, angezima kompyuta, akafunga duka, akaenda kulala kwa mama yake. Lakini Fundi alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kufikiri baadaye, na kwa kujuta alikuwa hajawahi kupata nafasi.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Rafu nzima ilimchekea kutwa, meno ya vibogoyo wa mtaa mzima, na yeye akayachekea. Kazi ya vinywa ilimfaa, maana chake hakikujua kufungwa. Mkewe alikuwa akiwaambia watu kwamba hakufuata sura wala mali. "Mimi niliolewa na mazungumzo," alisema. "Sura nilikuja kuiona baadaye, tumeshapata mtoto, ningefanyaje?" Kila jioni nyumba ilimngoja aingie na kituko cha siku. Akichelewa, watoto walichezea chakula tu. Mwondolee Fundi fedha, mwondolee nywele (nazo zilikwisha jiondokea), angebaki Fundi. Mwondolee sauti, hapo hujui umebakiza nini.

Alipopumzika aliendesha mchezo wa maandishi kwenye jukwaa la mtandaoni. Mchezo wenyewe si mgumu. Wachezaji wote ni wanakijiji, ila mmoja amepewa kwa siri kazi ya uchawi na mwingine kazi ya uganga. Mchana kutwa wanabishana kwenye uzi wa majadiliano: nani mchawi? Taa za jioni zikiwashwa wanapiga kura, na mwenye kura nyingi anatolewa.

Adabu za mchezo aliziandika mwenyewe juu kabisa ya uzi, akazilinda kama refa mwenye filimbi mpya. Usifute ulichokwisha andika. Ukipata dharura, aga, usituache tukikuita kama mbuzi aliyepotea. Ya mchezo yasemwe hapa mbele ya wote, si pembeni. Aliyetolewa hasemi tena, hata ulimi ukimwasha. Na kubwa kuliko zote: msimamizi hachezi.

Hiyo kubwa ndiyo aliyoivunja.

Kulikuwa na mchezaji waliyemwita Mstaafu, karani wa zamani, mwenye salamu ndefu kuliko hoja zake. Ndiye aliyepewa uganga. Mchezo ukiwa umenoga, Mstaafu akanyamaza. Msimamizi mwenye busara angesema, "Jamani, mwenzetu haonekani, nani ashike nafasi yake?" Fundi aliona haya mchezo upoe mikononi mwake. Kwa kuwa msimamizi aliweza kuingia kwa jina la mchezaji yeyote, basi akaingia kwa jina la Mstaafu na kuandika neno moja la kupitisha siku. Kesho yake akaandika tena. Mwisho akawa anapiga hadi kura, anaiga zile salamu ndefu, na kujicheka peke yake kwa jinsi alivyompatia mzee wa watu.

Ndiyo maana ile "ahsante", iliyokuja kwa jina la Mstaafu, haikumtisha. Alidhani mwenyewe amerudi.

"Karibu tena, mzee wetu," aliandika. "Kiti chako bado kina joto."

Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole.

"Nalisikia. Ni joto lako."

Karakana ikajaa harufu ya mawaridi yaliyooza, na chini yake harufu ya nywele zinazoungua. Fundi akainama kunusa mashine ya kusagia meno, akidhani waya umeungua. Mashine ilikuwa baridi.

Jioni ile Mstaafu aliandika kwa ufasaha ambao hakuwa nao tangu azaliwe. Alimlenga mchezaji mwenzao, Mama Vitambaa, muuza vitambaa wa mtaa wa pili, mwanamke ambaye akinong'ona, barabara nzima inageuka. "Kwa heshima zote, mama yangu," aliandika, "umesema vya kutosha." Wengine wakashawishika, wakamfuata, Mama Vitambaa akatolewa.

Asubuhi Fundi akipita mbele ya duka la mama huyo alimkuta amesimama mlangoni, kinywa wazi, mishipa ya shingo imemtoka, na hakuna kinachosikika. Wateja walidhani anapiga miayo. Daktari alikwisha mtazama, akasema koo halina kasoro. Mama Vitambaa alimshika Fundi mkono wa shati akaung'ang'ania, machozi yakimtiririka, akitaka kumwambia jambo.

"Pole, mama, pole. Utapona," alisema Fundi, kwa mara ya kwanza bila utani.

Aliporudi karakanani alisikia rafuni kitu kikigonga, taratibu, kama kijiko kwenye kikombe. Alipoinua macho aliona meno ya juu na ya chini ya mteja mmoja yakifunguka na kufungana yenyewe, na katikati yake, mahali pasipo na ulimi wala koo, ikatoka sauti aliyoijua: "Karibu mteja! Pita ndani, gusa mwenyewe, kitambaa hakichuji!"

Simu ikalia, nusura adondoke. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, karani wa mapokezi hospitalini, naye mchezaji.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Kule kwenye uzi unacheza na nani?"

"Kwa nini?"

"Yule Mstaafu. Mwanawe amekuja hapa kuchukua nguo zake. Mzee alifia kwetu zamani, shemeji, hata mchezo haujafika nusu. Sasa jana nani aliyekuwa ananiita binti yangu?"

Fundi alitazama meno. Meno yakamtazama, kama meno yanaweza kutazama.

Alikwenda kwa mganga mmoja aliyetibu kwenye chumba juu ya duka la betri, mwanamke mkavu aliyemsikiliza huku akipepea hewa mbele ya pua, kwa sababu ile harufu ilikuwa imeingia naye.

"Huyu ni jini mstaarabu," alisema mganga. "Mbaya kuliko wote. Havunji mlango, anangoja akaribishwe. Moshi wangu hautamtoa. Mgeni hutolewa na wenyeji, wote kwa neno moja. Mmoja akimgeuka mwenzake, anabaki."

"Basi tutampigia kura, atoke."

"Mtaweza? Kiti kile kina uongo ndani, nausikia hapa ulipo. Utoe wewe, mbele ya wenzako, kabla hajautoa yeye."

"Nitautoa," alisema Fundi.

Lakini haya ni shati la ndani: mtu yuko tayari kufa kabla ya kulivua hadharani. Njiani aliandika ujumbe wa kuungama akaufuta, akaandika mwingine akaufuta. Mwisho akaenda kumwambia mtu mmoja tu, mchezaji na rafiki yake, Mizani.

Mizani alipima vyuma chakavu kwenye yadi iliyo nyuma ya stendi, na jina la kazi lilimkaa. Walijuana tangu wangali wakivaa kaptura. Ndiye aliyemsimamia Fundi siku ya ndoa. Na Fundi ndiye aliyemtengenezea jino la mbele lililong'oka alipoanguka na baiskeli, bila kumdai hata senti, ila kumcheka alimcheka mwaka mzima.

"Yaani ulikuwa unajibishana na sisi kwa jina la maiti?" alisema Mizani, akiweka chini kipande cha chuma.

"Sikujua ni maiti, swahiba."

"Na mimi ukanipigia kura."

"Mara moja tu."

Mizani akatabasamu kidogo, kisha uso ukawa mzito tena. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe na Mungu."

"Basi iishie kwetu." Akamshika mkono kwa mikono yote miwili, mikono iliyojaa kutu. "Jioni tunaandika jina lake, mimi na shemeji yako. Tumebaki watatu tu mchezoni, akiwa na kura mbili ametoka. Mimi nikusaliti wewe, nitamwambia nini mama yangu?"

Fundi alirudi kazini akipiga mluzi.

Taa zilipoanza kuwashwa barabarani aliketi mbele ya kompyuta, akatangaza kura. Shemeji alikuwa wa kwanza. "Mstaafu," aliandika, na hakuongeza neno. Fundi akangoja ya Mizani. Harufu ya waridi ilianza kupanda kutoka sakafuni, ikampita magoti, ikamfika kifuani, na rafuni meno yakaanza kugongana, kwanza yale ya mwanzo, kisha ya jirani yake, hadi rafu nzima ikawa inatetemeka kama watu waliofungiwa kwenye chumba cha barafu, na sauti ya Mama Vitambaa ikipita kutoka kinywa hadi kinywa, ikikaribisha wateja wasiokuwapo.

Mstaafu akaandika: "Kwa idhini ya msimamizi, nadhani ndugu yetu Mizani ana neno."

Na Mizani akaandika. Aliandika yote. Kwamba msimamizi amekuwa akicheza. Kwamba aliliazima jina la Mstaafu, akapiga kura kwa jina hilo, akawahadaa wote. Kwamba alikiri mwenyewe, leo, yadini. "Aliyecheza, naye apigiwe kura," alimaliza. "Kura yangu: Fundi Meno."

"Nami kwa masikitiko naiunga mkono," aliandika Mstaafu.

Fundi alisoma, akarudia kusoma, kama mtu anayetafuta mahali palipoandikwa kwamba ni mzaha. Simu ikalia. Mizani.

"Swahiba," alisema Mizani akihema, "nipo hapa karibu na kwako. Aliniandikia pembeni. Mchana, ulipoondoka tu. Aliniandikia wimbo anaouimba mwanangu akioga, swahiba, neno kwa neno, na mlango wa chumba anacholala. Akasema mmoja wetu atanyamaza leo, mimi nichague. Ningefanyaje? Nitukane. Nitukane basi, nisikie."

Fundi alikuwa na matusi ya kutosha, mengine aliyatoa nchi za watu, mengine alikuwa ameyatunga mwenyewe na hajapata wa kumpa. Alifungua kinywa. Pumzi ikatoka, ya moto, ikapita kooni mahali pote pa kawaida, na haikugusa kitu.

Nyuma yake rafu ikatulia ghafla. Kisha sauti yake mwenyewe, ile nzito yenye mkwaruzo wa kicheko ndani yake, ikasema kwa upole kutoka kwenye meno ya mteja asiyemjua: "Nimekusamehe, swahiba. Njoo nyumbani, tule pamoja."

"Kweli?" alisema Mizani kwenye simu, akilia. "Kweli, ndugu yangu?"

"Mimi nina kinyongo tangu lini? Tangulia, nakuja."

Fundi akaitwanga simu ngumi, akaitikisa, akaigongesha kwenye meza. Upande wa pili ulikwisha kata. Akatoka mbio bila kufunga duka, akakata uchochoro nyuma ya kinyozi, akapishana na majirani waliomsalimu na kushangaa mbona leo Fundi hajibu, na kadiri alivyokimbia ndivyo ile harufu ilivyokuwa mbele yake na si nyuma, ikipinda kona kabla yake, ikipanda kizingiti cha nyumba yake kabla yake, hadi alipofika na kukuta mlango umefungwa kwa ndani na dirisha la sebule linawaka taa, na nyuma ya kioo watoto wameshika matumbo kwa kicheko, mkewe anajifuta machozi kwa pindo la kanga, na kwenye kiti cha mwenye nyumba kuna mtu aliyeligeuzia dirisha mgongo, amevaa shati lake la bluu, anasimulia, kwa sauti ya Fundi, kituko cha siku: habari za mjinga mmoja aliyeazima jina la maiti.

Aligonga kioo.

"Nani?" mkewe aliuliza.

"Upepo tu, mke wangu," sauti yake ikajibu. "Sikiliza mwisho wake."

Mizani alikuwa mezani, sahani mbele yake haijaguswa. Yeye peke yake aligeuka. Akainuka, akaja dirishani, wakatazamana, kioo tu katikati, karibu kiasi kwamba pumzi ya mmoja ilitia ukungu na ya mwingine ikatia upande wake. Fundi akabandika viganja viwili kwenye kioo. Alitamka jina la rafiki yake kwa midomo, taratibu, asikose kulisoma.

Mizani alilisoma. Akatupa jicho kwenye kile kiti, akayarudisha macho chini, akanyoosha mkono na kulivuta pazia.

Nje palikuwa na giza sasa. Ndani, kisa kilifika mwisho, na nyumba ikaangua kicheko: watoto, kisha mkewe, kicheko kile cha kukosa pumzi alichomwolea. Cha Mizani kilichelewa kidogo, lakini nacho kikaja.