Lebo Kumi na Mbili za Chapuchapu

Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita Chapuchapu, lakini jina lilimkaa vizuri kuliko hata sare yake ya shule. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili ambaye kutembea hakukujua, alijua kukimbia tu. Alipiga mswaki huku akivaa soksi. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu ukimtuma chumvi, hufika dukani kabla hujamaliza kumwambia ni ya kiasi gani.

Kila Jumamosi, akishafua sare na kufagia uwanja, alikwenda kwenye karakana ya shangazi yake, mtaa wa pili. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha makubwa, meza mbili na rafu za chuma, na humo zilikaa droni nne zilizopeleka dawa kwenye zahanati za upande wa pili wa mlima. Gari lilizunguka mlima kwa saa moja na nusu. Droni ilipita juu kwa juu na kufika kwa robo saa. Shangazi ndiye aliyekuwa msimamizi, na aliyezirusha alikuwa kijana mmoja mrefu, mcheshi, aliyependa kujitambulisha kuwa rubani pekee duniani anayeogopa kupanda ngazi.

Katika karakana hiyo kila kitu kilikuwa na lebo: droni, mapangaboi yake, chaja, masanduku na, zaidi ya yote, betri. Kwenye lebo palikuwa na namba na msimbo wa QR, kile kimraba chenye vidoa vyeusi na vyeupe. Ukikielekezea simu, unasoma maisha yote ya kifaa hicho: kilianza kazi lini, kimeruka mara ngapi, kimeanguka mara ngapi. Mstari wa mwisho ulisema ama "Inafaa kazi" ama "Isiruke". Rekodi hiyo shangazi aliiita kadi ya kliniki.

Jumamosi hiyo lebo za betri zote kumi na mbili zilikuwa zimefifia kwa jua na kwa kufutwafutwa vumbi. Shangazi alichapa mpya, akamkabidhi Chapuchapu kazi ya kuzibadilisha, kisha akaenda kuchukua boksi la chanjo lililotakiwa kuruka saa sita mchana. Zahanatini kina mama walikuwa wameshaanza kukusanyika na watoto wao.

"Bandua moja, bandika moja, skani," alimwambia kabla ya kutoka. "Ndipo ushike ya pili. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi."

Na alimsikia kweli. Tatizo ni kwamba kubandua lebo kuna utamu wake. Ya kwanza ilitoka nzima bila kuchanika, ya pili vilevile, na kufikia ya tatu Chapuchapu aliona kwamba huku kushika simu kila mara ni kupoteza muda bure. Betri si zilikuwa zimepangwa kwa mstari, ya kwanza hadi ya kumi na mbili? Mtu angekosea wapi? Akazibandua zote, akazifinya zikawa kidonge kimoja, akakitupa kwenye kapu la taka akiwa amesimama mbali. Kikaingia. Akajipongeza, kisha akatoka kunawa, maana vidole vilikuwa vinanata.

Aliporudi, meza ilikuwa tupu. Rubani alikuwa amehitaji nafasi ya kukaza skrubu za droni, kwa hiyo alizihamishia betri kwenye rafu, tatu juu ya tatu. Alimwambia Chapuchapu kwa uchangamfu kwamba amemsogezea mizigo yake, akaendelea na kazi huku akipiga mluzi.

Chapuchapu alizitazama betri. Zote nyeusi, zote ukubwa mmoja. Na mojawapo ilikuwa ya saba. Betri hiyo ilimponyoka rubani wiki iliyotangulia ikajipigiza sakafuni, naye akaliandika tukio hilo mwenyewe siku ileile, ingawa alichekwa mpaka jioni. Tangu hapo ilisomeka "Isiruke", ikisubiri kupimwa.

Angeweza kusema palepale, lakini alijiambia kwamba huenda rubani alizipanga kwa mfuatano. Huenda alianzia kushoto. Akabahatisha, akabandika zote kumi na mbili, kisha akaziskani moja baada ya nyingine. Simu ikazikubali zote, kwa sababu simu husoma lebo tu, haijui imebandikwa wapi.

Shangazi aliporudi na boksi la chanjo aliikagua rafu, akampapasa kichwa, akamwambia rubani kwamba leo mtoto ametulia kama mtu mzima. Sifa hizo zilimchoma Chapuchapu kuliko kugombezwa.

Saa sita kasorobo droni ilikuwa uwanjani, boksi limefungwa chini ya tumbo lake. Rubani aliskani betri akasoma kwa sauti kwamba ni namba nne, inafaa kazi. Chapuchapu aliitazama ile namba nne aliyoibandika kwa mkono wake mwenyewe. Akisema, hatapewa tena kazi yoyote ya karakana, na karakana ndiyo mahali alipopapenda kuliko pote. Akinyamaza, huenda mambo yakaenda sawa. Huenda. Halafu akaliona boksi likianguka mlimani na kina mama wakingoja kitu kisichokuja, na miguu yake ikatangulia kabla hajaamua.

"Shangazi, msiirushe," alisema akiwa amesimama mbele ya droni. "Hiyo huenda si ya nne. Nilizibandua zote kwa pamoja, zikachanganyika, nikabahatisha."

Rubani aliweka chini kifaa chake cha kuongozea. Shangazi aliichomoa betri, akampigia muuguzi wa zahanati kumwambia chanjo itachelewa, akamwita mwendesha pikipiki wa jirani. Kabla ya saa sita na robo pikipiki ilikuwa imekwishatokomea barabarani na boksi la chanjo.

Kazi ya kusahihisha ikaanza. Mashine ya kupimia ilikuwa na nafasi nne, na betri nzima ilitakiwa idumu dakika arubaini. Chapuchapu alipewa saa, daftari na kiti, akaambiwa asibanduke. Naye akakaa. Rubani alichungulia mara tatu kuhakikisha kwamba ni yeye kweli.

Katika kundi la kwanza taa moja ilizimika ghafla. Chapuchapu alitazama saa, akatazama lebo, akarudia kutazama saa.

"Dakika kumi na moja," alisema kwa sauti ndogo. "Ni ile ya nne. Ile iliyokuwa kwenye droni."

Kila mtu alifanya hesabu kimoyomoyo. Safari ilikuwa ya robo saa. Rubani alijikalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasema basi hiyo ndiyo ile ya saba, anaijua, bado imemnunia tangu alipoiangusha. Chapuchapu alicheka huku machozi yakimtoka, na kicheko kikawapitia wote watatu.

Saa nane kasoro dakika chache simu ililia. Muuguzi alisema boksi limefika, barafu haijayeyuka, na mtoto wa kwanza ameshachomwa sindano. Hakukuwa na haja ya kuuliza zaidi, maana kilio cha mtoto huyo kilisikika karakana nzima. Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno.

Betri ya mwisho ilipopimwa, shangazi alivuta kiti akakaa mbele ya mpwa wake.

"Ungechanganya kadi za watoto kliniki, nani angejua yupi ameshachanjwa? Ndivyo ulivyofanya leo. Historia za betri hizi zimepotea, tutazifungulia kadi mpya, na utanisaidia Jumamosi nne. Kazi ina hatua zake, mama, na hatua ndogo haipo kwa ajili ya kukuchelewesha. Lakini nisikilize vizuri. Betri ile haikuweza kusema kwamba ni mbovu. Wewe umeweza kusema kwamba umekosea, na umesema kabla haijaruka. Mtu wa namna hiyo nikimpa kazi, nalala usingizi."

Kisha aliigeukia kompyuta, akaandika kidogo, na printa ikatoa lebo moja. Alimpa Chapuchapu lebo hiyo na simu. Chapuchapu aliiskani, akasoma:

"Chapuchapu. Imeanguka: mara moja. Imeinuka: mara moja, yenyewe. Inafaa kazi."

Alisoma mara mbili. Kisha akaibandua lebo kwenye karatasi yake polepole, polepole sana, akaibandika kwenye jalada la daftari lake, na akaiskani tena.