Nguo Zilizochanika Hifadhini

Fundi cherehani alishona nguo za mtaa mzima bila wasiwasi. Zilizomtia hofu ni sare za wafanyakazi wa hifadhi ya wanyama. Zilikuja zimeraruka mikono, zimetoboka magoti. Kila akitia kiraka, alijiambia, "Huyu amenusurika na simba."

Kwa hiyo binti yake alipoleta fomu ya chuo cha wanyamapori, Fundi hakutia saini. Binti huyo walimwita Chiriku, kwa kupenda kusema.

"Baba, mwisho ni kesho Ijumaa."

"Ijumaa zipo nyingi."

"Ya fomu ni moja tu."

"Mwanangu, tafuta kazi ya kukaa kitini. Simba hajui huyu mtoto wa nani."

Chiriku akanyamaza. Chiriku kunyamaza si jambo dogo! Alipiga pasi asubuhi nzima bila neno, na Fundi akaumia kuliko kama angegombezwa. Alimlea peke yake tangu ana miaka minne.

Mchana alikuja Mama Buti, mfanyakazi wa hifadhi, kuchukua suruali yake. Jina alipewa kwa sababu buti za mpira hazimtoki miguuni.

Fundi alishindwa kujizuia. "Dada, niambie kweli. Simba gani alikutoboa magoti hivi?"

Mama Buti alicheka mpaka akashika meza. "Simba? Ni kupiga magoti matopeni, Fundi! Mimi nahesabu vyura. Wakipungua, tunapima maji haraka, maana huenda yameharibika."

"Na lile shati lililoraruka mgongoni?"

"La dereva wetu. Alikimbia nyuki, akanaswa na seng'enge."

Fundi akakaa chini. Miaka kumi na miwili alikuwa akimsingizia simba!

"Hatari zipo, sikufichi," Mama Buti aliendelea. "Ndiyo maana tunafundishwa kwanza, na porini haendi mtu peke yake. Lakini kazi ni nyingi. Wengine wanatibu wanyama, wengine wanachora ramani, wengine wanawasaidia wakulima kuzuia tembo."

"Mtu anahitaji nini?" Chiriku aliuliza.

"Biolojia, jiografia, hesabu. Na tabia ya kutazama na kuandika. Wakati wa likizo, njoo ujitolee kwetu."

Chiriku alikimbilia chumbani, akarudi na daftari. Miaka miwili aliandika ndege waliotua kwenye mtaro nyuma ya nyumba, kila Jumamosi, tarehe na saa.

"Hapa umeandika, 'Sikuona hata mmoja,'" Mama Buti alisema.

"Siku hiyo sikuona."

"Wengi huiruka siku kama hiyo. Fundi, huyu anafaa."

Fundi alikohoa. "Si simba peke yake, Dada. Naogopa nyumba itakavyokuwa kimya."

"Baba! Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Unanipa nafasi?"

Wakacheka, macho yamewalowa. Fundi akatia saini.

Chiriku alisoma miaka mitatu, akaajiriwa hifadhini. Mwaka jana yeye na wenzake waliona vyura wamepungua katika mto ambao mtaa wao ulichota maji. Wakapima maji. Bomba la maji taka lilikuwa limepasuka, likimwaga mtoni. Chiriku akaja mtaani na kipaza sauti, akawaambia watu wasichote maji ya mto mpaka bomba litengenezwe.

Watu walinung'unika. Maji yalionekana safi, na kisima kilikuwa mbali.

Fundi alitoka dukani na ndoo yake iliyojaa, akaimwaga yote mbele yao.

"Huyo ni mwanangu," alisema. "Anajua anachosema."

Akachukua ndoo tupu, akashika njia ya kisima cha mbali. Majirani wakamfuata.