Sijambo ya Shirleen

Kila Jumamosi, tangu vizuizi vya korona vianze, Shirleen alimwona nyanya yake kwenye simu tu. Nyanya Rispah aliishi mtaa wa pili hapo Blacktown, ughaibuni walikohamia, lakini kutembeleana kulikatazwa. Tena kifua cha Nyanya kilikuwa dhaifu.

Oktoba 2021 vizuizi vikalegezwa. Mama yake Shirleen, Wilkister, akapika omena, akaita, "Vaa barakoa, twende!" Shirleen, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa ameamka na koo linalowasha. Akanyamaza. Akisema, safari itavunjika.

Nyanya alikuwa tayari mlangoni, leso kiunoni, mikono ameinyoosha.

"Shirleen wangu! Hujambo?"

"Sijambo, Nyanya."

Nyanya akasogea. Shirleen akasikia pumzi yake ikikoroma. Ghafla akarudi nyuma mpaka ngazini.

"Usinishike! Mimi... Waingereza husema, niko chini ya hali ya hewa."

"Chini ya nini tena? Wazungu nao!"

"Anaumwa, Mama," Wilkister akasema, akiweka sufuria chini. "Kule ninakotunza wazee, kuna mmoja aliyekuwa baharia. Yeye husema msemo huo ulitoka melini. Baharia akiugua, aliteremshwa chini ya sitaha, dhoruba isimpige." Akamgeukia bintiye. "Na wewe! Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Nilitaka tu kumkumbatia."

Nyanya akaketi mlangoni.

"Kwetu Ugenya," akasema, "hata ukitetemeka kwa malaria ulijibu sijambo. Ni adabu. Lakini hukuishia hapo. Uliongeza, 'Ila mwili hauna nguvu.' Basi jua halijatua, huyu ameleta uji, yule kuni, na akina mama wa kanisa wanaimba uani. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, 'Rispah, ukitaka nyumba ijae, ugua!'" Akacheka, akajifuta macho. "Wewe umenipa nusu ya salamu, mjukuu wangu. Haya, rudini mkapime."

Kipimo kilionyesha korona. Shirleen na mama yake wakajifungia nyumbani, na Nyanya akawa anawatumia uji wa wimbi, unaachwa mlangoni. Yeye mwenyewe hakuambukizwa, Mungu ni mwema.

Shirleen alipopona, alikumbatiwa mpaka akalia, "Nyanya, mbavu zangu!"

"Tulia," Nyanya akasema, asimwachilie. "Ukiumwa, sema mapema, hata kama kusema kutakunyima unachokitaka. Siku ile uliporudi nyuma ngazini, hapo ndipo ulinipenda kweli."