Gari la Betri Nililomnyang'anya Mume Wangu

Nina miaka sitini na sita. Naishi Likasi, mji wa migodi hapa Kongo, peke yangu, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mdogo wangu Donat. Mguu wangu wa kushoto ulikauka nikiwa mtoto, na tangu hapo natembea kwa kujivuta. Nawaambieni mapema habari za huu mguu, kwa sababu mkasa wangu wote ulianza nao na ukaishia nao...

Siku hizi vijana wa hapa wanazungumza sana kuhusu magari ya betri. Redio nayo haichoki. Eti Ulaya na China kila mtu analitaka, eti serikali zao zinawasaidia raia walinunue, eti madini ya kuyatengeneza yanatoka hapa hapa kwetu. Wajukuu wa mdogo wangu wanabishana kama wameyaona kwa macho. Mimi huondoka taratibu na kujifanya nakwenda kuanua nguo. Wangejua! Gari la betri mimi nililipanda hapa Likasi wakati baba zao bado wanajifunza kusoma.

Aliyelitengeneza ni mume wangu. Jina lake Mukendi. Alikuwa fundi wa umeme kiwandani, mtu wa maneno machache, na mashati yake yote yalikuwa na matundu ya tindikali. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya migodi, lakini Mukendi mwenyewe alizaliwa hapa na alibatizwa hapa. Hatukujaliwa mtoto. Ndugu zangu walinicheka kwa kuolewa na mtu wa Kasai, lakini ni nani kati yao aliyekuja kumposa kilema? Yeye alikuja!

Basi, ikafika ile miaka ya tisini ambapo kila kitu kilianza kuanguka. Mishahara ikakatika, mgao wa unga wa kiwandani ukakoma, mabasi ya wafanyakazi yakalala. Petroli ikawa inauzwa kwa chupa kama pombe ya kienyeji. Nilikuwa nikienda sokoni asubuhi na kurudi jua likizama, mguu umevimba.

Jioni moja Mukendi alinikanda mguu kwa maji ya moto, kisha akaniita kwa jina, "Anje, esansi inakosa, lakini courant iko. Bibi yangu hatatembea tena namna hii."

Ni kweli, petroli ilikosekana, lakini umeme wa mabwawa ya upande wa ziwa Tshangalele haukukosekana sana. Akamwomba mkuu wa karakana betri za toroli za umeme zilizokuwa zimetupwa nyuma ya kiwanda, akapewa. Akanunua bodi ya kipikapu kilichooza, akaifungia mota. Alihangaika na gari hilo msimu mzima wa kiangazi. Kiti changu alikiinua kidogo ili mguu usiumie, akakishonea mto wa kitambaa cha kitenge changu.

Siku ya kwanza lilipotoka uani, watoto walipiga kelele mpaka wakakauka koo! Lilikwenda polepole kama mtu anayerudi msibani, halikutoa sauti hata kidogo, mpaka Mukendi akalifungia kengele ya baiskeli ili watu wapishe njia. Mtaa mzima ukaliita Bubu. Bubu lilinipeleka sokoni. Lilipeleka wajawazito hospitalini. Padri alilikodi kwenda kuzika. Wafanyabiashara wa Kakanda walikuja kuuliza, walimu wa Mulungwishi walikuja kuuliza, muuza samaki mmoja akataka lake lifike mpaka ziwani, na Mukendi akamwambia kwa upole kwamba Bubu likifika ziwani litalala huko huko. Kila mtu alilitaka! Na mimi, kilema wa jana, nilikaa juu ya mto wangu wa kitenge nikawapungia wanawake waliokuwa wakinicheka.

Nilivimba kichwa, wapendwa. Niseme ukweli wangu wote. Nilivimba kichwa.

Ndipo zikaja zile siku mbaya ambazo watu wa asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao. Kwao wapi, mtu aliyezaliwa hapa? Familia moja moja zilitolewa nyumbani, zikakusanyika gare kungoja treni, chini ya maturubai, na vyungu vyao na wagonjwa wao. Sisi tulikuwa bado hatujaguswa. Tulifunga mlango mapema, tukapunguza sauti ya redio.

Siku hizo hizo ikaja habari kwamba mheshimiwa mmoja kutoka ofisi ya mkoa atakuja kuliona Bubu. Ilisemekana serikali inataka kulifanya mradi wake: itatoa karakana, itatoa betri, kila wilaya itanunua magari yake.

Donat alikuwa tarishi kwenye ofisi ya wilaya. Alikuja kwangu wakati Mukendi yuko kazini, akaketi karibu nami, akanishika mkono.

"Yaya," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "ukisema ni bwana yako njo alitengeneza, batachoma motokari na batakutosha mu nyumba. Sema ni minye. Minye nitachunga weye na bwana yako."

Kwamba gari litachomwa na nitatolewa nyumbani, ila nikimtaja yeye atatulinda: nilimwamini? Nusu nilimwamini. Nusu nyingine, na hii ndiyo inayonichoma hadi leo, nilipenda nilichokisikia. Nilijiona dada wa mkubwa wa karakana ya serikali. Nilijiona nabaki katika nyumba yangu, na kiti changu, bila kunong'onwa tena kwamba nimeolewa na mgeni. Mukendi sikumwambia neno.

Mheshimiwa akaja na walinzi wake. Uwanja ukajaa. Mukendi alikuwa chini ya gari akikaza waya, miguu yake tu inaonekana. Donat alisimama kando, amevaa shati jeupe la kuazima.

Mheshimiwa akazunguka gari mara kadhaa, akapiga kengele, akacheka. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa juu ya kiti.

"Mama, hii motokari njo nani aliitengeneza?"

"Ni mudogo yangu, Donat," nikasema.

"Na huyu mwenye iko chini?"

Mukendi alikuwa ameshatoka. Alisimama mbele yangu na bisibisi mkononi, ananitazama. Hakukunja uso. Alingoja tu, kama anavyongoja mtu aliyezoea kwamba mkewe atasema kweli. Mungu wangu...

"Huyu iko anamusaidia," nikasema.

Msaidizi! Mume wangu wa ndoa ya kanisani, aliyenishonea mto kwa mkono wake, nikamwita msaidizi mbele ya watu!

Aliiweka bisibisi juu ya boneti, akafuta mikono yake kwenye suruali, akaingia ndani. Mheshimiwa akampongeza Donat, akaondoka na gari, Donat kwenye usukani. Siku chache baadaye vijana waliokuwa wakiwatoa watu nyumbani wakaja na orodha yao, na safari hii hawakuuruka mlango wetu. Msaidizi ni wa nini? Wakamchukua Mukendi kwenda gare. Nilijificha chumbani nikasikia akiwaomba wamruhusu avae viatu.

Je, nilikwenda kumwona? Sikwenda! Kutoka kwetu hadi gare si mbali kwa mwenye miguu mizima, lakini aibu ilinifunga kuliko mguu. Nilimtuma jirani na bukari, ugali wetu, na mboga. Jirani alirudi na bakuli tupu, akaniambia Mukendi ameuliza mguu unaendeleaje.

Bubu nalo halikukaa. Mukendi alikuwa akizipa betri maji ya mvua tu, aliyoyakinga kwenye madumu na kuyafunika. Donat akazitia maji ya bomba, yenye chumvi inayoua betri. Hakujua, na hakuwa na wa kumuuliza. Gari likafia barabarani mbele ya wakubwa waliokuja kutoka Lubumbashi kulinunua.

Mheshimiwa akaja nyumbani kwangu na hasira zake, na Donat nyuma yake. Donat alikuwa ameshakiri kila kitu. Mheshimiwa akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyefanya jambo la kinyaa.

"Mama, juu ya nini haukusema? Fundi kama ule ningemupatia karatasi abakie hapa! Shiye tulikuwa tunatafuta fundi. Njo juu yake nilikuuliza!"

Mmesikia, ndugu zangu? Lile swali lilikuwa mlango wa kumwokoa mume wangu. Mimi ndiye niliyeufunga... kwa mdomo wangu mwenyewe!

Sikungoja amalize. Nilitoka vile vile, bila kitambaa kichwani. Gari lililotengenezwa ili nisitembee lilikuwa limekufa barabarani, na nililipita hapo lilipo, na mto wangu wa kitenge ndani yake. Nilijivuta. Nilianguka mbele ya kanisa, mtu akaniinua, nikaendelea. Nilikuwa nikijisemea nitakachomwambia. Nitapiga magoti. Nitamwambia twende wote huko Kasai, hata kama sijui mtu.

Nilipofika gare, reli zilikuwa tupu.

Mama mmoja aliyebaki na mgonjwa wake chini ya turubai aliniangalia mguu kabla ya kuniangalia uso.

"Weye njo bibi ya Mukendi?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Treni ya kwanza alikatala kupanda. Ile ya pili vile vile. Alikuwa anapatia bantu bengine nafasi yake. Alisema bibi yake iko na muguu mubaya, anatembea polepole, njo maana anachelewa. Leo asubui basoda balimusukuma mu wagon."

Asubuhi hiyo hiyo askari walikuwa wamemsukuma ndani ya behewa! Nililia pale chini mpaka sauti ikakatika. Hakunilaani. Hakudhani kwamba sitaki kuja. Alidhani ni mguu!

Habari zake sikuzipata tena. Wengi walifia njiani katika zile treni, na niliowauliza hawakumwona. Bubu lilivutwa mpaka uani kwa Donat, kuku wakataga ndani yake miaka mingi, kisha likauzwa chuma chakavu. Donat na mimi hatulizungumzi.

Ndugu msomaji, pengine na wewe una mtu ndani ya nyumba anayefanya kazi kwa mikono yake na hasemi sana. Siku watu wakubwa watakapokuja kuuliza kazi hii ni ya nani, mtaje! Mtaje kwa jina lake, hata kama jina hilo halipendwi siku hiyo, hata kama utatolewa nyumbani pamoja naye. Usinifuate mimi. Nyumba niliyoiogopea ilichukuliwa na wengine mwaka huo huo.

Mguu huu bado unauma wakati wa mvua. Mvua ikianza, natoa madumu yangu nje, nayakinga maji, nayafunika vizuri. Wajukuu huniuliza ni ya nini, na mimi huwaambia ni ya kufulia.