Msimamizi wa Mama Letisia

Asubuhi ile chai ilinuka tope. Violeth akaimwaga, akachemsha nyingine kwa maji ya bomba, nayo ikanuka vilevile. Mama mkwe wake, Letisia, alikaa jikoni. Kutoka nje hakuruhusiwa tena.

Renatus, mume wa Violeth na mwana wa pekee wa Letisia, alitaka kufukia chemchemi ya shamba lao la Tumati apande vitunguu saumu. Mama akakataa. Kila ng'ombe akizaa alimwaga dang'a, yale maziwa ya kwanza, pale, ampe jini wa chemchemi, kama alivyofanya mama yake. Basi Renatus, jamani, mtoto aliyebebwa mgongoni na mama huyohuyo, akaenda mahakamani Mbulu akaapa kwamba mama anaongea na maji, akili zimemtoka, kila jambo lake aamue yeye. Violeth akawa shahidi. Letisia alipojitetea ndipo mahakama ikazidi kuamini, ikamfanya Renatus msimamizi wake. Kilichomuuma si hukumu, ni mwanawe kuapa bila hata kumtazama.

Chemchemi ikafukiwa. Juzi ng'ombe akazaa, na dang'a Violeth akaipika, wakaila.

Mchana ule maji yakaanza kusikika chini ya sakafu, yakapanda ukutani, yakaingia chumbani alikojipumzisha Renatus, na Violeth aliyekimbilia mlangoni akamkuta mumewe ameketi wima, nywele zinachuruzika, macho wazi lakini hayamwoni, na kila alipopumua maji meusi yakamtoka kinywani, yenye ule ule mnuko wa tope ambao sasa ulikuwa umejaa nyumba nzima.

Mganga Bura akaletwa kutoka Basotu. Alinusa tu, akarudi nyuma. Akanong'ona kwamba jini huyu hafukuzwi, ana agano na mama, labda mama mwenyewe amwombe.

Letisia angekataa, nani angemlaumu? Lakini alipiga magoti na kibuyu cha dang'a iliyobaki.

"Mwachie mwanangu. Nimekuja mwenyewe, niliyepatana nawe."

Renatus akafungua kinywa. Sauti haikuwa yake.

"Wewe huna neno tena. Mambo yako yote anajibu huyu mwanao."

"Nani kasema?"

"Yeye. Aliapa."

Letisia akamwaga dang'a hata hivyo, yote, miguuni pa mwanawe, huku akilia na kumwita jina lake la utotoni. Dang'a ikapotea kwenye maji, na maji yakaendelea kupanda.