Benedikta Hakai Kiriba

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumatatu, mwanzoni mwa Septemba. Mbele ya nyumba ya Benedikta Wambura, Butiama, shamba la mihogo lilikuwa limesimama zima. Hakuna shina hata moja lililokuwa limekatwa.

Mihogo ile haikupandwa kwa ajili ya chakula. Ilikuwa ya mbegu, yaani mashina yake hukatwa vipande na kupandwa. Miaka ya nyuma, ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliharibu mihogo ya Benedikta. Juu mimea ilionekana mizima. Alipochimba, alikuta mihogo imeoza ndani. Ndipo binti yake, Jenipher, akamshauri apande mbegu safi na kuwauzia wakulima wengine. Benedikta alitoa shamba lake bora, lile ambamo marehemu mume wake alikuwa akilima ulezi. Wakaguzi walipita, wakaliona safi, wakampa cheti.

Sasa mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Huo ndio wakati wakulima hutafuta mbegu. Wenzake walikuwa wanauza. Benedikta hakuwa amepigiwa na mteja hata mmoja.

Simu iliita. Alikuwa Alfonsi, mkulima mwenzake wa Kiriba.

"Mama Jenipher, jana mteja wako alikuja kwangu."

"Mteja wangu? Kwako?"

"Anaitwa Keraryo, wa Mugango. Mbegu zangu zimeisha, akaniuliza kwa Benedikta ni wapi. Anasema tovuti ya umoja wetu inaonyesha uko hapa Kiriba."

"Mimi nikae Kiriba?"

"Nilimwambia uko Butiama, akaniona namdanganya. Simu yako nayo amepiga haiendi. Ameondoka amenuna."

Benedikta alimpigia binti yake papo hapo. Jenipher alikuwa ameolewa Nyasura, Bunda. Yeye ndiye katibu wa umoja wa wazalishaji wa mbegu za mihogo. Ndiye aliyeandika majina ya wakulima kwenye faili la Excel, akalituma Musoma liwekwe kwenye tovuti.

"Jenipher, nilihamia Kiriba lini?"

"Shikamoo mama. Umehamia wapi?"

"Marahaba. Nakuuliza wewe uliyeniandika. Keraryo wa Mugango amenitafuta kwa Alfonsi, na simu yangu haimpati."

Jenipher alifungua tovuti kwenye kompyuta yake. Majina yalipangwa kwa alfabeti. La kwanza lilikuwa Alfonsi, kijiji Kiriba. Chini yake alikuwa mama yake. Kwenye nafasi ya kijiji paliandikwa: kama juu.

"Mama, hapa pameandikwa unaishi 'kama juu'."

Benedikta alicheka. "Huko juu ni kwa baba yako. Mimi bado sijaitwa."

Jenipher hakucheka.

"Sikiliza mwanangu. Shamba hili nimekupa kwa sababu uliniomba. Lakini miti ya mihogo ikizeeka haichipui vizuri. Mvua hizi zikipita sijauza, nang'oa yote. Narudisha ulezi wa baba yako."

"Usiguse kitu, mama. Kesho naenda Musoma."

Siku iliyofuata Jenipher aliingia katika ofisi ndogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mjini Musoma. Rhobi, mwanamke anayesimamia tovuti ya umoja, alimwekea kiti.

"Dada Rhobi, tovuti yenu imempoteza mama yangu."

"Kaa kwanza. Tuangalie faili lako."

Walilifungua. Jenipher alikuwa amepanga wakulima kijiji kwa kijiji. Prosper alikuwa wa Butiama. Chini ya Prosper alikuwa Benedikta, na kwenye kijiji Jenipher aliandika "kama juu".

"Ndivyo nilivyokuwaga naandika kwenye daftari la umoja," alisema Jenipher. "Kwa nini nirudie Butiama kila mara? Juu si pameandikwa?"

"Kwenye daftari ni sawa. Msomaji anapandisha macho, anaona Butiama. Mfumo wa tovuti haufanyi hivyo. Unasoma mstari mmoja, unaufungulia ukurasa wake, unakwenda mwingine. Kisha unapanga majina kwa alfabeti. Prosper ameenda chini kabisa. Mama yako amebaki chini ya Alfonsi wa Kiriba."

Jenipher alitazama kioo cha kompyuta. "Kwa hiyo Keraryo alisoma sawasawa."

"Alisoma sawasawa kabisa. Fikiria kila mstari ni mtu aliyeshushwa stendi ya Bunda peke yake. Hana wa kumsemea. Akiulizwa anatoka wapi, awe na jibu lake mwenyewe."

"Na simu? Namba nilimwandikia sahihi. Namba ya mama naijua kuliko yangu."

"Soma hapa."

Namba ilianza na saba. Sifuri ya mbele haikuwepo.

"Nani kaitoa?" Jenipher aliuliza.

"Kompyuta. Ilidhani unaandika hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Kabla ya kuandika namba za simu, chagua safu yote, kutoka juu hadi chini. Iambie kompyuta kwamba hayo ni maandishi, siyo hesabu. Hapo sifuri inabaki."

"Rangi je? Wenye mbegu niliwapaka kijani. Waliomaliza niliwapaka nyekundu. Kwenye tovuti sijaona rangi."

"Faili tunalopakia linaitwa CSV. Ni maandishi matupu, yametenganishwa kwa koma. Rangi haisafiri. Unalotaka mtu alijue, liandike. Ongeza safu ya mbegu. Andika 'zipo' au 'zimeisha'."

Jenipher alishika kichwa. "Basi nimeharibu kila kitu."

"Hukuharibu kila kitu. Majina yote ni sahihi. Na mimi nina kosa langu. Nilipakia faili zima kwa mkupuo, sikujaribu kwanza mistari michache. Ningeliona hili siku ile ile. Leta kompyuta, tufanye wote."

Kwanza walitunza nakala ya faili la zamani, wasije wakapoteza kitu. Kisha wakafanya kazi kwenye nakala mpya. Mstari wa kwanza walitaka uwe wa vichwa vya safu tu: jina, kijiji, simu, mbegu. Lakini juu yake kulikuwa na kichwa kikubwa chenye jina la umoja, kilichounganisha visanduku vinne kuwa kimoja.

"Hiki nacho kinapendeza," alisema Jenipher.

"Kinapendeza kwenye karatasi. Hapa kinachanganya mfumo. Kitoe."

Walikitoa. Kila kisanduku kilibeba jambo moja. Jenipher aliandika kijiji cha kila mkulima, hata pale kilipojirudia. Kiriba, Kiriba. Butiama, Butiama. Mstari wa mama yake aliuacha wa mwisho. Aliuandika polepole, kisha akaulinganisha na namba iliyo kwenye simu yake.

Walihifadhi faili kama CSV. Rhobi alipakia mistari mitatu tu ya majaribio. Kwenye tovuti, namba za simu zilitokea mahali pa kijiji.

"Aa! Sasa mama anaishi kwenye simu," alisema Jenipher.

Rhobi alicheka. "Hapo ni mimi. Mfumo unaniuliza safu hii iingie nafasi ipi. Nimebonyeza vibaya. Ndiyo maana tunajaribu."

Alirekebisha. Mistari mitatu ilikaa vizuri. Alizifuta kurasa za zamani ili majina yasitokee mara mbili, akapakia faili lote. Wakapitia majina yote pamoja, moja baada ya jingine.

Kabla ya kuondoka, Jenipher alimpigia Alfonsi akamwomba namba ya Keraryo. Kisha akampigia Keraryo mwenyewe.

"Mzee, samahani. Kosa lilikuwa langu. Tafadhali angalia tovuti tena."

"Nitaangalia," alijibu Keraryo, akakata simu.

Asubuhi iliyofuata Jenipher alikuwa Butiama. Alimkuta mama yake anapukuchua mahindi barazani. Alikaa karibu naye.

"Nisomee hayo maandishi yako," alisema Benedikta. "Nisikie kama ni mimi."

Jenipher alisoma kwenye simu. "Benedikta Wambura. Kijiji, Butiama." Akasoma namba yote, kuanzia sifuri. "Mbegu, zipo."

"Rudia."

Alirudia. Benedikta alimpangusa binti yake vumbi la safari begani.

"Ndiyo. Huyo ni mimi."

Simu ya Benedikta iliita kabla ya mahindi kwisha. Mpigaji aliuliza njia ya kutoka barabara kuu. Baadaye pikipiki ilisimama mbele ya nyumba. Aliyeshuka alivua kofia, akatazama shamba, kisha akamtazama mwenye nyumba.

"Wewe ndiye mama wa Kama Juu?"

"Nimeshashuka, baba," alisema Benedikta. "Karibu Butiama."

Keraryo alicheka. Alikagua majani, akaomba kuona cheti, akakisoma. Kisha akaonyesha mstari wa kwanza wa mihogo. Jenipher alishika shina, na mama yake akalikata.