Tope la Uwanja wa Zamani

Jumatatu hiyo Verna Kubiak alipika kabichi na soseji, akavuta kiti karibu na dirisha la jikoni, akapiga simu redioni kama kawaida yake. Kipindi cha michezo cha Brannock kilikuwa na wapigaji simu wengi, lakini mtangazaji alimngoja yeye. Mji mzima ulijua kwamba mjane yule hana masihara linapokuja suala la Vipanga, timu ya besiboli iliyozoea kushika mkia hadi aibu ikaizoea nayo.

"Haya, Mama Kubiak, leo fimbo inamwangukia nani?"

"Kocha leo nimempa likizo," Verna alisema. "Sikilizeni. Kwanza, hatuna mpigaji wa mkono wa kushoto. Tunaye mmoja tu, mwanangu Lyle, naye kifundo cha mguu kimemvimba. Pili, na hili ndilo linalonitoa roho, warushaji wetu si wabovu! Nimewaona wakijifua na mipira mikuukuu, mpira unakwenda wanakotaka. Wakishika mpya wa mechi, unawaponyoka, unakwenda kanisani. Ubaya hauko mikononi mwao. Ubaya ni tope!"

Mtangazaji alicheka hadi akakohoa. Verna hakucheka hata kidogo. Mpira mpya wa besiboli una ngozi inayoteleza, na kabla ya mechi lazima usuguliwe kwa tope laini mpaka ushikike. Kwa Vipanga kazi hiyo ilikuwa ya Gus Petrakis, mzee wa chumba cha vifaa, ambaye siku hizi alitumia tope la kopo lililoletwa kwa posta. Verna alilidharau tope hilo kuliko alivyowadharau waamuzi.

Lakini chini ya maneno yote hayo alikuwa na hofu. Mwenye timu alikwisha kutamka kwamba Vipanga wakimaliza mkiani tena, anawahamishia Texas kwenye watu wengi. Wakihama, Lyle atakwenda nao, na mkewe Noreen, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshafika mbali. Verna hakuwa na mtoto mwingine. Mjukuu huyo alimwomba kwa Mungu kwa miaka, na sasa alimwona akikulia kwa watu wasiomjua hata bibi yake kwa sura. Wazo hilo lilimnyima usingizi.

Ndipo akaukumbuka uwanja wa zamani, kando ya mto, nyuma ya kiwanda cha vioo kilichofungwa. Babu yake alimsimulia habari zake mara nyingi. Enzi hizo mrushaji wa Vipanga, Amos Treadwell, alimchukia mpigaji mmoja mgeni, mtu wa mkono wa kushoto, akamlenga kichwani kwa makusudi. Helmeti zilikuwa hazijaja. Fuvu lilipasuka mbele ya umati. Mgeni alibebwa, damu ikafunikwa kwa tope la mto, na mechi ikaendelea. Vipanga walishinda siku hiyo, na mwaka huo wakashinda kila kitu. Babu alikuwa akifika hapo anapiga paja kwa furaha, na Verna alikua akikumbuka zaidi ule ushindi.

Alikwenda mchana kweupe na koleo na ndoo. Magugu yalikuwa yamefunika kila mahali isipokuwa pale mpigaji aliposimama. Hapo palikuwa peupe, tope jeusi, laini, halina hata jiwe. Alichimba. Juu lilikuwa la baridi. Chini kidogo lilikuwa vuguvugu, na alipotia mkono ndani kabisa lilikuwa na joto la mwili wa mtu. Alijaza ndoo haraka akaondoka.

"Wee Verna, mbona linanuka hivi?" Gus aliuliza alipoletewa ndoo kwenye chumba cha vifaa.

"Hata wewe unanuka, Gus, na tumekuvumilia."

Gus alicheka, akachovya vidole, akaanza kusugua.

Jumamosi yake mipira iliwatii warushaji wa Vipanga ajabu. Watu wakasimama vitini, wakapiga miluzi, wakamwambia mwamuzi akanunue miwani. Kisha akaingia mpigaji mgeni, kijana mrefu mwenye kutafuna bablishi. Mrushaji alirusha mpira chini, wa kawaida. Ulipomkaribia mpigaji, mpira uliinuka. Ulimpiga tayani. Mlio wa mfupa ulisikika hadi safu za nyuma, na kijana akapiga magoti, akatema bablishi, meno na damu mchangani. Alijaribu kuyaokota yale meno huku akilia kwa sauti isiyokuwa na maneno.

Vipanga walishinda.

Wiki iliyofuata mwingine alipigwa jichoni. Alizunguka uwanjani akiwa ameshika uso kwa mikono miwili, na kilichokuwa kikivuja kati ya vidole hakikuwa damu peke yake. Halafu akafuata nahodha wa timu ya ng'ambo ya mto. Mpira ulipasua helmeti vipande viwili. Alianguka chali, damu ikamtoka masikioni, mguu mmoja ukawa unapigapiga chini na haukutaka kuacha. Walimpeleka hospitali na hakuzinduka. Vipanga walishinda mechi zote hizo, na mkia ukaanza kuwaachia.

"Mama Kubiak, tope lako linaua!" mtangazaji alimtania redioni.

Verna alicheka naye. Alipokata simu, alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena.

Gus alimvuta pembeni siku moja, nyuma ya chumba cha vifaa. Kucha zake zilikuwa nyeusi hadi kwenye nyama.

"Mrushaji wetu anaapa mipira ile hakuirusha pale," alinong'ona. "Anasema inapinda yenyewe. Na mimi, Verna, nikiisugua... nasikia inapumua."

"Umezeeka, Gus."

Lakini alirudi nyumbani akakaa mbele ya televisheni, akaziangalia mechi zile tena kama alivyozoea kuangalia makosa ya kocha. Hakuna jicho la shabiki lililoijua timu ile kuliko lake. Aliangalia mikono ya warushaji, akaangalia upepo kwenye bendera. Hakuona kitu. Kisha akaangalia wapigwaji waliposimama, akaisogelea televisheni. Wote walipiga kwa mkono wa kushoto. Wa mkono wa kulia walipita mmoja mmoja bila kuguswa. Vipanga wenyewe, ingawa walirushiwa mipira ileile, hawakuguswa kwa sababu hawakuwa na mpigaji wa kushoto. Yeye mwenyewe alikuwa amelilalamikia hilo redioni tangu masika.

Na kifundo cha Lyle kilikuwa kimepona.

Asubuhi ya mechi ya mwisho, mechi ambayo Vipanga wakishinda wanabaki Brannock, alimkuta Gus amekaa mbele ya masanduku ya mipira.

"Nimeshaisugua yote," Gus alinong'ona. "Sema neno moja tu naitupa motoni. Tutasugua mingine kwa tope la kopo."

Verna aliitazama. Aliwaza Texas. Aliwaza kitanda cha mtoto alichokipaka rangi chumba cha juu.

"Iache," alisema.

Akamfuata Lyle. Kwa kuzaliwa Lyle alikuwa mtu wa kulia. Kupiga kwa kushoto alifundishwa na baba yake, naye aliweza pande zote mbili.

"Mwanangu, leo simama upige kwa kulia. Mechi yote."

"Mama, umeanza. Hilo si la kwako, ni la kocha."

"Nakuomba, Lyle. Kwa kaburi la baba yako."

Lyle alimwangalia, akaona midomo yake imekauka. "Sawa, mama. Basi usilie."

Verna alikwenda kukaa na Noreen kwenye safu yao, nyuma ya kituo cha tatu cha wakimbiaji. Jua lilikuwa kali. Noreen alikuwa akila karanga, maganda yamemjaa juu ya tumbo.

"Anacheza mpira humu ndani," alisema akicheka. "Huyu atakuwa Kipanga, mama."

Awamu zilipita. Hakuna aliyepigwa. Wageni walikuwa wamewaweka benchi wapigaji wao wa kushoto wote, walikuwa wameogopa. Verna alianza kupumua. Vipanga wakaongoza. Kisha Lyle akaingia, akasimama kulia, akamtupia mama yake jicho.

Mpira ulikuja. Lyle akapiga.

Haukwenda mbele. Ulikwenda pembeni, juu, kuelekea vitini upande wa mbali, mahali ambapo hakukuwa na mtu wa Verna. Watu walisimama na glavu zao. Ukawapita. Ukapinda. Verna aliuona ukipinda. Wote waliokuwa upande ule waliuona. Ulishuka ukifuata safu ya viti, chini chini, ukiruka vichwa vya watu, ukitafuta.

Noreen aliinua mkono kuudaka, kama shabiki yeyote.

Mkono wa kushoto.

Verna alikuwa amemwona akimenya viazi kwa mkono huo kila Jumapili. Aliwaza wapigaji tu. Aliruka mbele yake akiwa amechelewa. Mpira ulipita kati ya vidole vya Noreen, ukavivunja, ukaingia kwenye paji la uso. Haukudunda. Ulikaa pale, umezama nusu, ukizunguka taratibu. Damu ilimrukia Verna mdomoni. Karanga zikamwagika. Lyle alikuwa akipiga mayowe huku akipanda uzio, gongo bado mkononi.

Hospitali walimtoa mtoto akiwa hai. Mama yake alikwisha kufa uwanjani. Daktari aliyempasua alitoka akauliza, kwa sauti ya chini, kama marehemu alianguka mtoni, maana ndani ya fuvu alikuta tope, na lilikuwa la moto.

Vipanga walibaki Brannock. Siku ileile Gus alitia masanduku yote motoni, kisha akaacha kazi. Lyle hakushika gongo tena. Alirudi kwa mama yake na binti yake mchanga, Odette, na kitanda kilichopakwa rangi kikapata mwenyewe. Verna alipata alichokitaka, na hakupiga simu redioni tena.

Mtoto alizaliwa na alama. Ilikuwa juu ya jicho, mstari mwekundu uliopinda, wenye vijistari vidogo huku na huku, mithili ya mshono wa mpira wa besiboli. Madaktari walisema itafutika, na haikufutika. Masika yalipofika, theluji ilipoyeyuka na mto kujaa, Verna alimkalisha kitini jikoni amlishe. Aliona alama imelowa. Akaifuta kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kikatoka cheusi, vuguvugu.

Odette alicheka. Akanyoosha mkono achukue kijiko.

Verna alikihamishia mkono wa kulia, akamfumba vidole. Mtoto alikiangusha. Verna akakiokota, akakirudisha kulia, akambana mkono mpaka akalia. Kisha akamwachia, kwa kuwa Lyle alikuwa mlangoni anawatazama.

Mtoto alinyamaza, akakichukua kijiko kwa kushoto.